Sarafu mtandao ya jumuiya ya mchezo: kuiunda, kuichimba, na ushahidi wa Kua

Sarafu mtandao ya jumuiya ya mchezo ni fedha ya kidijitali inayotolewa na kikundi cha wachezaji wa mchezo wa mtandaoni kwa matumizi yao wenyewe: kununuliana silaha, viwanja na mavazi ya wahusika, kulipana kwa kazi zilizofanyika mchezoni, na kutuza washindi. Inatofautiana na dhahabu ya kawaida ya michezo kwa daftari lake. Dhahabu ya kawaida huandikwa kwenye seva ya kampuni, na kampuni huiongeza au kuifuta itakavyo. Sarafu mtandao huandikwa kwenye daftari ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi, na kila ukurasa mpya hufungwa kwa alama ya kihesabu inayotokana na ukurasa uliotangulia, hata anayegusa mstari wa zamani hubainika papo hapo. Kuiunda ni kuweka kanuni: zitolewe ngapi, kwa kasi gani, azipate nani, na zirudi kwa njia ipi. Kuichimba ni jibu mojawapo tu la swali la azipate nani. Wengi wanaoanzisha sarafu za namna hii huanza na uchimbaji, kana kwamba jasho la mashine ndilo linaloipa sarafu thamani. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Sarafu ya jumuiya ndogo huishi kwa sababu yupo mtu aliyejifunga kuipokea, na uchimbaji, kwa jumuiya ya kiasi hicho, mara nyingi huleta hasara kuliko faida. Ushahidi wake hautoki kwenye kompyuta peke yake. Sehemu nzuri iko pwani ya Tanzania, karibu na magofu ya Kua.

Kua ulikuwa mji katika kisiwa cha Juani, kusini-mashariki mwa kisiwa kikuu cha Mafia. Ulistawi hasa katika karne ya 18, na mabaki ya kasri, misikiti na makaburi yake yangali yamesimama vichakani. Mwanzoni mwa karne ya 19 ulivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska, watu wakatekwa, na mji ukahamwa. Kisiwa jirani cha Chole ndicho kilichoshika nafasi yake. Hakuna mtawala wa Kua anayejulikana kwa kupiga sarafu. Hilo ndilo linalofanya mahali hapa pawe na mafunzo, kwa kuwa wachezaji wengi wako katika hali hiyohiyo: jumuiya yenye biashara na watu, isiyo na hazina wala jeshi, iliyozungukwa na fedha zilizoanzishwa na wengine. Aina mbili za fedha hizo zinafaa kutazamwa kwa makini, moja ya kuokota na moja ya kupiga.

Ya kuokota ni kauri, simbi wa baharini. Katika pwani yote kuanzia Somalia hadi Msumbiji, ambayo Mafia iko katikati yake, kauri huishi kwenye miamba inayofunuliwa maji yakitoka. Aliyetaka alikwenda bamvua, akaokota, akawafukia mchangani mpaka nyama ioze, akaosha magamba na kuuza. Huu ni uchimbaji kwa maana kamili: jasho halisi, ushahidi wa kazi unaoshikika mkononi, na mlango ulio wazi kwa yeyote mwenye miguu na kapu. Kwa muda mrefu Afrika Magharibi ilitumia kauri wadogo wa Maldivi, ambao umbali wa safari uliwafanya kuwa adimu. Katika miaka ya 1840 kampuni za Hamburg, Hertz na baadaye O'Swald, ziligundua kwamba kauri wa Afrika Mashariki, wakubwa zaidi na wa bei ndogo sana Zanzibar, hupokelewa Lagos na Dahomey kulipia mafuta ya mawese. Meli zikajazwa. Kilichofuata kinajulikana na kila msimamizi wa mchezo aliyewahi kuacha wachezaji wavune dhahabu bila kikomo: bei zilizohesabiwa kwa kauri zilipanda mwaka hadi mwaka, mizigo ya kulipia bidhaa moja ikawa mizito kuliko bidhaa yenyewe, na aliyekuwa ameweka akiba ya magamba alijikuta na magamba. Waokotaji hawakupunguza kazi. Kila kauri aliyefika sokoni alikuwa amegharimu kazi ya kweli, na kazi hiyo haikuzuia chochote.

Ya kupiga ni sarafu za shaba za Kilwa. Masultani wa Kilwa walizitoa kwa karne kadhaa, zikiwa na jina la mtawala upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, yakiwa na vina vinavyoitana. Hazina tarehe wala thamani iliyoandikwa. Zimeokotwa Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Zanzibar, na pia Kisimani Mafia, mji wa upande wa magharibi wa kisiwa kikuu; nje ya eneo hilo ni chache, ingawa moja ilifika Great Zimbabwe na tano zikaonekana mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Uzito wake unatofautiana kiasi ambacho mfanyabiashara anayethamini shaba peke yake asingekikubali. Wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, waliochimba Songo Mnara, wamedai kwamba sarafu hizi zilikuwa na thamani hasa ndani ya jamii iliyozitambua, na nadhani ushahidi unawaunga mkono. Biashara kubwa ya bahari ilikwenda kwa dhahabu, nguo na pembe. Shaba ya Kilwa ilikuwa fedha ya wenyeji, na sarafu za watawala waliokwisha kufa ziliendelea kupita mikononi pamoja na mpya. Thamani yake ilitoka katika makubaliano ya kuipokea, na eneo lake likaishia pale makubaliano yalipoishia.

Mtetezi wa uchimbaji atasema kauri si mfano wa haki, kwa sababu mwamba haukuwa na kikomo, ilhali Bitcoin inacho. Ni kweli, na tofauti hiyo inastahili kuelezwa vizuri. Kompyuta zinazochimba Bitcoin hushindana kutafuta namba itakayotoa alama yenye sifa iliyotakiwa; anayetangulia hufunga ukurasa na kulipwa sarafu mpya. Kila baada ya kurasa 2,016 mtandao hupima kasi na kuongeza au kupunguza ugumu wa fumbo, ili wastani ubaki dakika 10 kwa ukurasa hata wachimbaji wakiongezeka mara mia. Malipo hupungua nusu kila kurasa 210,000. Tangu Aprili 2024 ni sarafu 3.125, na jumla haitapita milioni 21. Lakini tazama kizuizi kiko wapi. Kiko katika kanuni ya ugumu na kanuni ya nusu, ambazo zote ni makubaliano yaliyoandikwa katika programu. Kazi yenyewe haipunguzi sarafu hata moja. Ondoa kanuni ya ugumu, ubakize kazi, na utakuwa umerudi mwambani ukiokota kauri. Jumuiya ya mchezo inaweza kuandika kikomo hichohicho bila kuwasha mashine ya kuchimba hata moja, na mtandao wa Ethereum ulionyesha hivyo kwa kiwango kikubwa Septemba 2022 ulipoacha uchimbaji, matumizi yake ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99 na daftari likaendelea.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: uchimbaji hulinda. Anayetaka kughushi daftari la Bitcoin lazima ashinde nguvu ya wachimbaji wote wengine, na gharama hiyo haibebeki. Hoja hii ni sahihi kwa Bitcoin, na kwa sababu hiyohiyo haifai kwa mchezo wenye wachezaji elfu chache. Ulinzi hulingana na nguvu iliyokusanywa, na sarafu ndogo inayotumia fumbo linalotumiwa na sarafu kubwa huzungukwa na mashine za kukodi zinazoweza kuizidi nguvu kwa saa chache. Mei 2018 Bitcoin Gold, ambayo haikuwa ndogo kwa kipimo cha michezo, ilivamiwa hivyo, na sarafu zenye thamani ya takriban dola milioni 18 zikatumiwa mara mbili. Ethereum Classic ilipatwa na mkasa wa aina hiyo mwaka 2019 na tena 2020. Ongeza hapo gharama ya umeme. Wachimbaji walioweka mashine kwenye maporomoko ya mto huko Luviro, ndani ya Hifadhi ya Virunga mashariki mwa Kongo, au kampuni ya Gridless nchini Kenya, walifuata umeme wa maji ambao haukuwa na mnunuzi. Mafia kwa muda mrefu imetegemea majenereta ya dizeli ya shirika la umeme, TANESCO. Kuyangurumisha usiku kucha ili kutoa sarafu ya kununulia upanga wa kufikirika ni kugeuza mafuta kuwa moshi bila kupata hata ulinzi uliokusudiwa.

Njia iliyobaki ni kuwateua wathibitishaji wachache wanaojulikana, wanaotia sahihi kurasa kwa zamu. Wakosoaji wataitaja Axie Infinity, na wana haki. Daftari la mchezo huo, Ronin, lilikuwa na wathibitishaji tisa, na sahihi tano zilitosha kuruhusu fedha kutoka. Machi 2022 wadukuzi walipata funguo tano na kuchukua zaidi ya dola milioni 600. Ila ukichunguza, utaona funguo nyingi kati ya hizo zilikuwa mikononi mwa taasisi moja. Tisa walikuwa wa kuhesabu tu. Tena fedha iliyoibwa ilikuwa Ether, sarafu ya Ethereum, na dola za kidijitali zilizoingizwa kutoka nje. Sarafu inayotumika mchezoni peke yake haimpi mwizi kitu cha kukimbia nacho.

Lipo pia pendekezo la kuvutia, kwamba mchezaji achimbe kwa kucheza badala ya mashine kuchimba kwa fumbo. Huntercoin, iliyoanza Februari 2014 ikiwa na kikomo cha sarafu milioni 42, ilitawanya sehemu kubwa ya sarafu zake mpya kwenye ramani, na wachezaji wakazikimbilia na kupigana. Wazo lilikuwa zuri, hata ungetamani lingedumu. Muda si mrefu ramani ilijaa roboti za programu, kwani popote kazi inapolipwa bila kuulizwa ni ya nani, mashine humshinda binadamu kwa uvumilivu. Axie ilionyesha upande wa pili wa kosa hilo. Tokeni yake ya SLP ilipatikana kwa kushinda mapambano, na matumizi yake makubwa yalikuwa kuzalisha viumbe wapya, ambao nao waliingia uwanjani kuvuna SLP zaidi. Katikati ya 2021 tokeni moja ilikuwa na bei ya zaidi ya senti 30 za dola. Mwanzoni mwa 2022 ilikuwa karibu na senti moja. Vijana wa Ufilipino waliokuwa wameifanya ajira ndio walioumia kwanza. Hapa ndipo kauri wa Dahomey wanaporudi na sura mpya: milango ya kuingilia mingi, wa kutokea mmoja, na huo nao unarudisha ndani.

Mfano wa kujifunza kinyume chake uko Mombasa. Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh, eneo la Mikindani, wafanyabiashara wadogo zaidi ya 100 walianza kutumia vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa, wakisaidiwa na Mmarekani Will Ruddick. Hapakuwa na kuchimba. Aliyejiunga alidhaminiwa na wenzake na kuahidi kupokea vocha kwa bidhaa zake mwenyewe, iwe maandazi, maji au usafiri wa bodaboda. Ruddick na wenzake watano walikamatwa kwa madai ya kughushi fedha. Mashtaka yakaondolewa, na Novemba mwaka huohuo vocha zikarudi. Mpango huo ulikua ukawa Sarafu, ukahamia kwenye daftari la kidijitali linalofikiwa hata kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza namba, na kati ya Januari 2020 na Juni 2021 takriban watu 40,000 walifanya miamala zaidi ya 400,000. Baadaye iliwekwa kanuni ya salio kupungua kidogo kila mwezi, ili asiyetumia asikalie fedha ya wenzake. Atakayesema mtaa wa Mombasa si mchezo amekosea kwa kiasi fulani tu. Tatizo ni lilelile: watu wenye vitu vya kubadilishana na uhaba wa kitu cha kubadilishania. Tofauti ya kweli ni kwamba muuza maandazi hawezi kutoa maandazi yasiyo na mwisho, ilhali seva inaweza kutoa panga zisizo na mwisho, na hivyo anayeunda mchezo hana budi kufunga pande zote mbili, ya sarafu na ya bidhaa.

Kazi hiyo hufanywa kwa hesabu ya kila mwezi. Kampuni ya CCP ya Iceland, yenye mchezo wa EVE Online, ilimwajiri mwanauchumi Eyjólfur Guðmundsson mwaka 2007, na mchezo huo hutoa taarifa za fedha iliyoingia kwa malipo ya mapambano na iliyotoka kwa kodi na ada za soko. Jumuiya ndogo haihitaji mwanauchumi wa kudumu, ila inahitaji jedwali hilo, na inahitaji liwe wazi kwa kila mchezaji. Mpango unaoshikika ni wa kawaida kabisa: tokeni kwenye daftari lililopo badala ya daftari jipya, kikomo cha utoaji kinachofuata idadi ya wachezaji hai, ada za matengenezo, ushuru wa soko na gharama za usafiri zinazofuta sarafu moja kwa moja, wathibitishaji wanaotoka vikundi vinavyoshindana, ili pasiwe na mkono mmoja wenye funguo nyingi, na kitu kimoja angalau, kama pango la kiwanja, ambacho mchezo umejifunga kukiuza kwa sarafu hiyo peke yake.

Suala la kuiuza kwa shilingi hubadilisha kila kitu. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kuonya kwamba sarafu za aina hii hazitambuliwi kama fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko. Na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamisho wa mali za kidijitali. Kwa hiyo siku mchezaji wa Mafia atakapoweza kupeleka upanga wake sokoni na kutoka na fedha kwenye simu, roboti zitafika, wadukuzi watafika na mkusanya kodi atafika, na waanzilishi watalazimika kuamua kama bado wanaendesha mchezo au wamefungua duka la kubadilisha fedha lisilo na leseni.