Nebuliumu: Jina Lililotangulia Kitu Chake

Katika kazi ya kuunda istilahi tumezoea kusema kwamba kitu hutangulia na jina hufuata. Historia ya elimu ya falaki yatuonyesha kinyume chake.

Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins alichambua kwa spektroskopu mwanga wa nebula moja iliyomo katika kundi la nyota la Draco. Aliona mistari michache yenye kung'aa, na ule mkubwa wa kijani haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana. Baadaye elementi hiyo isiyoshikika ikaitwa nebuliumu. Huo haukuwa upuuzi, kwani mstari wa manjano ulioonekana katika jua mwaka 1868 ulizaa jina la heli, na mwaka 1895 William Ramsay akaipata gesi hiyo hapa hapa duniani.

Nebuliumu haikupatikana kamwe. Mwaka 1927 Mmarekani Ira Bowen alichukua ngazi za nishati za oksijeni zilizokwisha kupimwa maabarani, akatoa moja katika nyingine, na hesabu ikaangukia penye mistari ile ile ya nanomita 495.9 na 500.7. Kumbe ilikuwa oksijeni tu, iliyopungukiwa na elektroni mbili! Nduguye koroniumu, aliyezaliwa jua lilipopatwa mwaka 1869, alizikwa na Grotrian na Edlén: alikuwa chuma kilichopungukiwa na elektroni 13.

Majina hayo yalidumu kwa sababu vipimo vilikuwa haba. Pengo hilo lilizibwa kwa uvumilivu wa watu kama Charlotte Moore, ambaye majedwali yake ya ngazi za nishati yalitolewa na ofisi ya viwango ya Marekani kati ya 1949 na 1958. Leo ofisi hiyo, ambayo tangu 1988 huitwa NIST, huyatoa maarifa hayo bure kwa njia ya intaneti.

Mfasiri anayeyafungua majedwali hayo hukutana na mitego miwili. Kwanza, O III si oksijeni iliyopoteza elektroni tatu. Atomu kamili huandikwa I, kwa hiyo III ni mbili zilizopotea. Pili, Kiingereza huiita mistari ya Bowen "iliyokatazwa". Nani aliyeikataza? Kanuni ya kwanza ya wanafizikia, wala si maumbile. Tungeweza kusema "mistari adimu", lakini katika nebula ndiyo ing'aayo kuliko mingi. Ukweli ni kwamba atomu hukawia kuutoa mwanga huo, nusu dakika hivi, ambapo mwanga wa kawaida hutoka katika sehemu ndogo mno ya sekunde. Katika maabara atomu hugongwa na nyenzake kabla haijawahi. Katika nebula gesi ni nyepesi mno, nayo huachwa itimize muda wake.

Kwa hiyo twapendekeza "mistari ya kukawia". Alama ya mabano ya mraba, [O III], ibaki kama ilivyo, ili msomaji aweze kuitafuta katika majedwali.