Unaanza Gofu na Uko Kaaga? Hivi Ndivyo Utashusha Mapigo Bila Kumaliza Doo

Tuseme uko Kaaga, umeshapata fimbo mbili tatu za mtumba, umecheki video usiku mzima, na bado mpira ukiupiga unaenda kwa majirani ama unakaa tu hapo ukikuangalia. Usijam. Gofu inaaibisha watu wote, hadi wale wa Prado. Hii stori ni ya msee ambaye hana kadi ya klabu, hana kochi, na ganji yake inahesabika. Tutabonga vitu zinashusha mapigo kweli, si zile duka zinataka ununue.

Anza na hesabu, juu hesabu ndiyo itakuokolea doo. Uwanja kamili uko na mashimo 18 na mara nyingi pari yake ni 72. Pari ni mapigo ambayo mchezaji mkali anatarajiwa kutumia. Sasa, kwa hiyo 72, kila shimo limewekewa kuputi mara mbili. Mara 18, hiyo ni 36. Nusu ya gemu inachezwa kwa grini, mpira ukibingirika chini, na fimbo ambayo haitaki misuli. Halafu cheki vile wasee wapya wanafanya mazoezi: saa nzima ni draiva, ile fimbo ndefu, wakitafuta sauti ya "paaa!" ili mtu apige video. Kuputi wanakumbuka wakiwa tayari wanatoka.

Kwa hivyo kama una doo ya fimbo moja pekee, nunua puta. Ukiongeza ya pili, chukua weji, ile yenye uso umelala sana. Ya tatu iwe aioni 7. Sheria inaruhusu fimbo 14 kwa bagi lakini we hauna kazi ya hizo zote saa hii. Draiva inaweza kungoja mwaka mzima na hautakufa.

Mazoezi ya kuputi hayahitaji uwanja. Ile nyua ya udongo iliyofagiliwa vizuri na ikashikana inatosha, ama sakafu ya simiti. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, na mpira hauruhusiwi kuwa chini ya milimita 42.67, kumaanisha nafasi iko, zaidi ya mara mbili ya mpira. Tafuta kikombe cha upana karibu na huo, ukilaze. Alafu panga vifuniko vya soda hatua tatu, sita na tisa kutoka kwako, na usijaribu hata kulenga kikombe. Jaribu tu kufanya mpira usimame karibu na kila kifuniko. Beginner akiputi mara tatu ama nne, shida kawaida si kwamba alipiga upande, ni kwamba pigo la kwanza liliishia mita tatu mbele ama nyuma. Ukijua nguvu, laini itajileta. Na kichwa kisisonge. Usiangalie mpira ukienda, ngoja uusikie.

Kitu kingine cha kutuliza roho ni handikapu. Hiyo ni namba ya kusawazisha gemu, ili wewe na mtu mkali mcheze pamoja na kila mtu awe na chansi. Ya juu kabisa duniani ni 54. Gawa kwa 18, unapata mapigo matatu ya ziada kila shimo. Yaani shimo la pari 4, kwako wewe ni la 7. Pigo moja juu ya pari inaitwa bogi (si mbogi yako ya mtaa), na wewe umeruhusiwa bogi tatu juu ya nyingine. Sasa panga hiyo 7 kama pesa ya wiki: mapigo matatu ya kufika karibu na grini, moja ya kupanda juu yake, na matatu ya kuputi. Hauhitaji pigo hata moja la ajabu. Mtu anayepiga aioni 7 mara tatu kwa ulegevu atamnyoa yule wa draiva ambaye wa kwanza umeingia kichakani, wa pili umegonga mti.

Tukuje kwa nyasi, na hapa sisi watu wa mlimani tuko na advantej. Viwanja vya nyanda za juu za Kenya vimejaa nyasi ya kikuyu. Ndiyo hiyo hiyo iko kando ya barabara, ile inatambaa na kung'ang'ania hadi unatoa jasho kuing'oa. Ilitoka hizi milima zetu za Afrika Mashariki ikapelekwa majuu, na leo feawei za Riviera kule Los Angeles, uwanja uliochaguliwa kwa gofu ya Olimpiki ya 2028, ni kikuyu. Mapro wa huko wanailalamikia kila mwaka. Wewe umeikanyaga tangu ukiwa mtoi.

Hii nyasi ina tabia zake. Kwa feawei, pale imekatwa fupi, majani yake magumu yanashikilia mpira juu kidogo kama umewekwa kwa tii, na hapo aioni inatoka safi. Kwa rafu ni ngori. Mpira unazama, na nyasi inashika shingo ya fimbo na kugeuza uso wake kabla haujagonga chochote. Ukiwa humo, sahau kufika mbali. Shika weji, kaza mkono kidogo kuliko kawaida, piga kurudi feawei, endelea na maisha.

Na ukiwa karibu na grini, usiige zile video za Scotland, mtu akisukuma mpira ugonge chini mapema na kubingirika mita ishirini. Huko nyasi ni laini na ardhi ni ngumu. Hapa mpira ukianguka kwa kikuyu ya pembeni unakwama papo hapo, kama gari kwa matope ya Novemba. Unatakiwa uurushe uangukie ndani ya grini. Simama miguu karibu, uzito zaidi mguu wa mbele, mpira katikati, piga chini bila kuinua mikono. Uso wa weji utauinua wenyewe, hiyo ndiyo kazi iliundiwa. Ukijaribu kuusaidia kupanda, utaugonga kichwa na utatoroka upande wa pili wa grini. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo Meru huwa nzito kuliko za Machi, hiyo nyasi inalowa na kuwa nzito mara mbili. Ongeza nguvu kidogo, punguza matarajio sana.

Swingi sasa. Shida kubwa ya mtu wa ushago akishika fimbo ni jembe. Tumelelewa tukiinua juu na kuteremsha kwa mikono, na hiyo ukiifanya na aioni unalima, mpira unasonga futi mbili na mchanga unaenda mbali kuuliko. Badala yake kumbuka slasha. Kama ulisoma shule ya boda Kenya, uliwahi kupewa slasha kwa kosa fulani, na ukakata hadi mkono ukajifunza wenyewe: kiuno kinazunguka, mkono umelegea, chuma kinapita chini kabisa kwa kasi halafu kinaendelea. Swingi ya gofu iko karibu na hiyo, mikono tu ndiyo miwili.

Drili moja ya bure, na naipenda kuliko zote. Chora laini kwa udongo mwekundu, simama kama mpira uko juu ya hiyo laini, na swingi bila mpira. Angalia alama. Ikianza nyuma ya laini, unalima. Unataka ianze kwa laini ama mbele yake kidogo, upande wa lengo, juu aioni inafaa kugusa mpira kwanza na ardhi baadaye. Hamsini kila jioni, wiki mbili, halafu rudisha mpira. Udongo haukudanganyi vile simu inakudanganya.

Na mpira ukipinda kulia kila saa (kwa wa mkono wa kulia), usinunue fimbo mpya. Inapinda juu uso wa fimbo umefunguka ukilinganisha na njia fimbo inapitia. Cheki mkono wa kushoto: ukitazama chini uone vifundo viwili vya vidole, hata vitatu. Ukiona kimoja, zungusha mkono kidogo kulia kabla ya kushika. Itahisi vibaya siku tatu.

Sasa mahali pa mazoezi, na hapa niko siriasi. Kaaga iko na mashule, iko na chuo cha KeMU, iko na watu wanakatiza kila uwanja. Mpira wa gofu ni kama gramu 46 za ugumu, na ukipigwa vizuri na draiva unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Hiyo ni jicho la mtoto wa wenyewe, ama kioo cha mat na kesi juu. Uwanja wa shule si mahali pa swingi kamili, hata siku ya Jumapili, hata kama unaona hakuna mtu. Tumia mpira wa tenisi, ama funga juala ndogo. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2017 iliharibu soko la juala lakini matambara na kamba bado ziko. Kwa swingi haina tofauti, mwili haujui unagonga nini. Mipira ya kweli iende na wewe uwanjani.

Uwanja wenyewe? Uliza kwanza klabu za Meru zina nini kwa wageni. Ukitaka safari, mat za Nanyuki zinapitia Timau, kama kilomita 80, na huko kuna Nanyuki Sports Club, mashimo 9. Mount Kenya Safari Club pia iko na mashimo 9 na ikweta inakatiza hapo, lakini hiyo ni hoteli ya watu wa pesa ndefu. Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali kuliko ungeenda Mombasa. Usijisifu bure basi. Piga simu kabla, uliza ada ya mgeni, uliza kama mwanafunzi anapunguziwa, uliza wageni wanacheza siku gani. Vaa shati lenye kola na uache jinzi nyumbani. Ndio, ni ya kukera, lakini kugeuzwa getini baada ya nauli ya kilomita 80 inakera zaidi.

Hilo geti lina historia. Royal Nairobi, klabu ya 1906, ilikuwa ya wazungu, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia viwanja kama hivyo akiwa amebeba bagi ya mtu. Lakini waliobeba walikuwa wanaangalia. Mapro kibao wa Kenya walianza kama makedi. Kenya Open imechezwa tangu 1967 na Mkenya hajawahi kuichukua. Aliyekaribia ni Jacob Okello, 1998, alipofungana kileleni na Ricardo González wa Ajentina na kupoteza kwa mashimo ya ziada. Rose Naliaka naye akawafungulia mademu njia ya upro, na akaanzisha akademi ya kufunza watoi. Kwa hivyo ukipewa kedi, usimchukulie kama punda wa mzigo. Huyo anajua grini inateremka wapi, na kuna uwezekano mkubwa anakushinda kucheza. Muulize, halafu umlipe poa. Klabu nyingi huwaachia makedi siku yao ya kucheza, mara nyingi Jumatatu, na kama kuna shule ya gofu ya bure Kenya ni kuwatazama hao na seti nusu wakipiga pari.

Sheria za kukuokoa ni chache. Mpira umepotea? Dakika tatu za kutafuta, basi. Unaongeza pigo moja na kurudi ulikopigia, kwa hivyo ukihisi umepotea, tangaza mpira wa akiba na uupige kabla ya kuondoka hapo. Kudondosha mpira ni kutoka urefu wa goti. Bendera unaweza kuiacha kwa shimo ukiputi. Usikanyage laini ya mwenzako kwa grini, rekebisha kale kadoa mpira wako uliacha, sawazisha mchanga wa banka. Mpira ukielekea kwa watu, piga nduru "foo!" bila aibu. Na uende haraka. Hakuna mtu anachukia beginner mbaya, watu wanachukia beginner anayefanya swingi tano za majaribio.

Ukianza kucheza, chukua kadi kila mara, hata ukiwa na 70 kwa mashimo 9. Mwenzako aisaini. Kupata handikapu rasmi unahitaji kadi za jumla ya mashimo 54, yaani raundi sita za mashimo 9, na zinapitia klabu ambayo umejiunga nayo. Wakikuuliza kwa ofisi umecheza muda gani, toa hizo kadi.