Namba zilizozamisha Sleipner

Nimepotea kidogo, kazi zilinizidi. Leo nina kisa cha kompyuta iliyokosea bila kuwa na hitilafu.

Tarehe 23 Agosti 1991, karibu na Stavanger, Norway, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulikuwa ukishushwa majini kwa majaribio. Ukuta mmoja ulipasuka, maji yakazishinda pampu, na msingi wote ukazama hadi chini, mita 220. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilifika dola milioni 700 hivi.

Wahandisi walikuwa wamepiga hesabu kwa kuugawa msingi huo, ndani ya kompyuta, kuwa vipande vidogo. Pale kuta zilipokutana, vipande vilikuwa vikubwa mno na umbo lake baya. Nguvu za kukata zikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47, na zege likajengwa dhaifu. Hesabu iliporudiwa kwa makini baada ya ajali, ilionyesha ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62. Ulivunjika kwenye mita 65!

Je, kosa lingeonekana mapema? Fikiria manati: ukivuta mpira, unahifadhi nishati. Zege likibanwa hufanya vivyo hivyo. Castigliano, Mwitaliano, alionyesha mwaka 1873 jinsi ya kupata miondoko ya jengo kutokana na nishati hiyo. Kwenye kompyuta, vipande vikubwa hulifanya jengo lionekane gumu kuliko lilivyo, kwa hiyo nishati hutoka pungufu. Ukipunguza ukubwa wa vipande, inapanda kuelekea ukweli. Kama bado inapanda sana, usiamini jibu.

Ila jumla inaweza kutulia huku kona moja ikidanganya. Ndiyo maana Zienkiewicz na Zhu, mwaka 1987, walichapisha njia rahisi ya kukadiria kosa la nishati kipande kwa kipande. Hiyo ni miaka 4 kabla ya Sleipner.

Nilipokuwa chuoni niliandika programu ya aina hii, ya boriti iliyoshikwa upande mmoja. Picha ilitoka na rangi za kupendeza, nikafurahi. Nilipoongeza vipande, jibu likapanda. Nikaongeza tena, likapanda tena. Picha ya kwanza ilikuwa nzuri, na ilikuwa uongo.

Siku hizi kabla ya kumkabidhi mtu namba yoyote, naibadilishia vipande kwanza.