Sukari Ilipimwa, Insulini Ikasahauliwa

Jina la ugonjwa huamua mahali ambapo macho ya daktari, na baadaye macho ya serikali, yatatazama. Sisi tumeuita kisukari, na mitaani mtu husema kwa mkato tu kwamba fulani "ana sukari". Jina hilo ni la kweli, ila linaonyesha moshi na kuuficha moto. Nataka kueleza jinsi tiba ya kisasa, yenye maabara na fedha, ilivyokaa karibu miaka 40 ikiamini kwamba kila mwenye kisukari amepungukiwa na insulini, ilhali wengi wao walikuwa nayo tele.

Imani hiyo ilikuwa na sababu njema. Mwaka 1889, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimwondolea mbwa kongosho, naye akapata kisukari. Mwezi Januari 1922, jijini Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa na ngozi, alidungwa dondoo la kongosho la mnyama. Sindano ya kwanza haikufaa sana. Ya pili, iliyosafishwa vizuri zaidi na James Collip, ilimrudishia uhai. Frederick Banting na John Macleod walipewa Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata. Nani angethubutu kutilia shaka hoja iliyofufua watoto? Kilichokosekana kimerudishwa, mgonjwa amepona. Basi ugonjwa ni upungufu.

Aliyethubutu alikuwa Harold Himsworth wa London. Aliwapa wagonjwa wake glukosi ya kunywa na, wakati uleule, akawadunga insulini. Kwa baadhi yao sukari ya damu haikupanda, kwa kuwa insulini ilifanya kazi yake. Kwa wengine sukari ilipanda kana kwamba hakuna kilichodungwa. Mwaka 1936 aliandika katika jarida la Lancet kwamba kuna kisukari cha aina mbili: cha miili inayoitii insulini na cha miili isiyoitii. Hoja ilikuwa wazi, lakini haikubadili mengi katika wodi. Hakuna aliyeweza kupima kiasi cha insulini ndani ya damu, na tiba, sawa na urasimu, huamini kwa shida jambo lisilo na tarakimu. (Himsworth mwenyewe baadaye alikuwa mkuu wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, kwa hiyo hatuwezi kusema alipuuzwa kwa kukosa cheo.)

Tarakimu zilitoka mahali ambapo hakuna aliyezitarajia. Rosalyn Yalow alizaliwa Bronx, New York, mwaka 1921. Alipotaka kusoma fizikia ya nyuklia, milango ya vyuo ilikuwa mizito kwa mwanamke Myahudi asiye na mali, na kwa muda alikubali kazi ya ukatibu muhtasi. Vita Kuu ya Pili ilipowachukua wanaume, Chuo Kikuu cha Illinois kilimpokea. Alikuwa mwanamke pekee kati ya walimu na wasaidizi takribani 400 wa kitivo chake. Baadaye aliajiriwa katika hospitali ya askari wastaafu ya Bronx, akaigeuza stoo ya mfagiaji kuwa maabara. Huko alishirikiana na daktari Solomon Berson.

Walianza na swali dogo. Ilidhaniwa kwamba watu wazima wenye kisukari huivunjavunja insulini upesi mno. Yalow na Berson waliitia insulini alama ya mionzi, wakawadunga watu na kuifuatilia. Waliona kinyume: kwa wale waliokwisha kutumia sindano za insulini, ilikaa kwenye damu muda mrefu zaidi, kwa sababu miili yao ilikuwa imeunda kingamwili zinazoishikilia. Majarida yalikataa makala hiyo, wahakiki wakisema molekuli ndogo kama insulini haiwezi kuzusha kingamwili. Ilichapishwa mwaka 1956 baada ya neno "kingamwili" kuondolewa kwenye kichwa chake. Yalow aliitunza barua ya kukataliwa, na miaka 21 baadaye akaionyesha katika mhadhara wake wa Nobel. Namheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa medali.

Kingamwili hizo ziligeuka kuwa mizani. Insulini ya mtu iliachwa ishindane na insulini yenye mionzi kuzishika kingamwili, na kutokana na ushindani huo kiasi chake kikahesabika. Mwaka 1960 walichapisha vipimo vya damu ya binadamu. Watu wazima wengi waliokuwa katika hatua za mwanzo za kisukari hawakuwa na upungufu wowote. Baada ya kunywa glukosi, insulini yao ilikuwa sawa na ya wenye afya au kuizidi. Himsworth alikuwa sahihi. Wavumbuzi hawa hawakuchukua hataza ya mbinu yao. Berson alifariki mwaka 1972, na Nobel ya 1977 ikamkuta Yalow peke yake.

Sasa tutazame kinachotokea mwilini. Insulini huiagiza misuli ipokee sukari, huliagiza ini lisiimwage nyingine, na huyaagiza mafuta yakae ghalani. Misuli na ini vinapokuwa sugu, kongosho huongeza sauti: hutoa insulini mara mbili, mara tatu. Sukari hubaki ya kawaida, pengine kwa miaka mingi, na mtu hujiona mzima. Hata hivyo usugu hauenei sawa katika kila kiungo. Ini lililokataa amri ya kuacha kutoa sukari huendelea kuitii amri ya kutengeneza mafuta, hivyo hujaa mafuta na kuyamwaga kwenye damu. Figo hushikilia chumvi. Kwa baadhi ya wanawake, ovari husukumwa kutoa homoni za kiume na hedhi huvurugika. Ngozi ya shingo huweza kuwa nyeusi na nene, na wengi huisugua wakidhani ni uchafu. Wataalamu wanabishana bado kama usugu hutangulia wingi wa insulini au wingi huzaa usugu. Kwa mgonjwa mwisho haubadiliki: chembe za kongosho huchoka, na ndipo sukari hupanda. Mwaka 1988 Gerald Reaven wa Stanford aliyakusanya mambo haya, shinikizo la damu na mafuta mabaya ya damu yakiwemo, akaonyesha kwamba yana mzizi mmoja, na kwamba mzizi huo umo hata kwa watu wasio na kisukari.

Kwetu historia ilianzia upande wa pili. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda tangu 1929 hadi 1959, aliona utapiamlo kila siku na kisukari mara chache. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha upimaji wa vijiji 6 vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika asilimia 1 ya watu wazima. Sioni siri ya rangi hapo. Msuli unaofanya kazi hupokea sukari hata bila kungoja amri ya insulini, na mkulima wa jembe la mkono ana misuli isiyopumzika. Upimaji wa kitaifa wa 2012 ulikuta takribani asilimia 9 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Jeni hazibadiliki kwa miaka 23. Kilichobadilika ni kiti, gari, soda na mafuta ya kukaangia.

Hata hivyo kliniki zetu bado zinasubiri sukari ipande, kisha zinamkaripia mgonjwa kana kwamba aliila yote kwa kijiko. Sidai kila zahanati ipime insulini. Hata nchi tajiri hazifanyi hivyo kwa kawaida. Lakini utepe wa fundi cherehani, mashine ya presha na kipimo cha mafuta ya damu vingetuonyesha wengi mapema. Mtumishi wa umma ambaye mkanda wake umesogea matundu matatu na presha inampanda, akaambiwa sukari yake ni ya kawaida, ameambiwa kweli tupu. Naomba wanaoandaa fomu za afya za waajiriwa waongeze mstari mmoja wa mzingo wa kiuno, na muuguzi aelekezwe la kufanya akishaujaza.