Sanduku la bording ni kiberiti

Mmeniuliza sana kwa nini kijana mzima anaonekana hapa Awendo akiokota vizibo vya soda nje ya kioski. Natengeneza nyumba ya dani. Ile halisi ilianguka, na kwa simu zetu zote hakuna picha hata moja ya ndani. Ziko za mazishi tu, watu wamesimama chini ya tenti.

Eti ni mchezo wa watoto. Haya, historia kidogo (niliacha chuo mwaka wa pili, kusoma sikuacha). Nyumba ndogo ya zamani zaidi inayojulikana Ulaya ilimalizwa 1558 kwa ajili ya Albrecht V, mtawala wa Bavaria. Ilikuwa ya kuonyesha wageni utajiri. Yenyewe ilipotea, lakini orodha ya vitu vyake iliandikwa 1598 na ipo. Yaani tunajua jamaa wa miaka zaidi ya 400 iliyopita aliweka nini kila chumba, na mimi siwezi kukuambia redio ya dani ilikaa wapi.

Kule Amsterdam, Petronella Oortman aliagiza vyombo vidogo vya kauri hadi China. Pesa alizomwaga zingenunua nyumba ya kweli mjini. Malkia Mary wa Uingereza alipata yake 1924, ina maji ya mfereji na stima, kwa kipimo ambacho wengi wanatumia mpaka leo: futi moja inakuwa inchi moja. Gawa kila kitu kwa 12.

Sisi tulikuwa na kalongo. Kizibo ni sufuria, matope ni ugali, majani ni sukuma. Ukiitwa nyumbani unaacha kila kitu hapo chini. Hakuna aliyeandika orodha.

Sasa, vitu vidogo vya kununua mtandaoni ni piano na bafu lenye miguu. Manze, dani hakuwa na piano. Nikarudi kwa kalongo, safari hii na rula. Kizibo kina upana wa karibu sentimita 3. Zidisha kwa 12, hiyo ni sufuria ya kupikia wageni. Kiberiti cha sentimita 5 kinakuwa 60, sanduku la bording kabisa! Nililipaka rangi nyeusi, nikaandika jina la mjomba kwa sindano. Mtungi ni udongo wa mtoni.

Vitambaa ndivyo vilinitesa. Si unajua sebule ya nyanya, kila kiti kimevaa kitambaa. Uzi wa kawaida unatoa kitu kinene kama mkeka. Nikajaribu uzi wa cherehani, nikaumiza macho usiku tatu. Mwishowe nilikata lesi ya petikoti ya mtumba, mia moja tu. Viti ni mabua ya mahindi; ule moyo mweupe unakatika vizuri na wembe, ila ukizidisha gundi unanywea.

Jana nilimwonyesha mama. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasukuma kiti kimoja kwa kidole mpaka karibu na mlango.

“Wuoda, alikuwa anakaa hapa, aone nani anaingia.”

Akainama, akachungulia tena.

“Na kuku je? Si walikuwa wanalala chini ya meza?”

Kwa hivyo wiki hii natafuta namna ya kutengeneza kuku wa sentimita 3.