Kadi za besiboli za madukani: Bei yake ndogo, mvuto wake mkubwa

Katika maduka ya Malava na vituo vingine vya biashara vya eneo la Kabras, kaskazini mwa mji wa Kakamega, jina moja husomwa mahali pawili: kwenye pakiti ya sukari na kwenye jezi za timu ya raga ya Kabras Sugar, inayofadhiliwa na kampuni ya West Kenya Sugar. Ndoa ya namna hiyo baina ya bidhaa, duka na mchezo si ngeni duniani. Nchini Marekani ilizaa kitu ambacho watoto na watu wazima wamekikusanya kwa zaidi ya karne moja, nacho ni kadi ya mchezaji wa besiboli.

Kadi hiyo ni kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kiganjani. Mbele huwa na picha ya mchezaji. Nyuma huandikwa jina lake, tarehe ya kuzaliwa, kimo, uzani na hesabu ya aliyoyafanya uwanjani msimu baada ya msimu. Hapo mwanzo kadi zilitiwa ndani ya pakiti za sigara ili mvutaji arudi kununua pakiti nyingine. Baadaye zikahamia kwenye peremende na chingamu. Hata kampuni za majani chai ziliiga mbinu hiyo. Mwaka 1961 Brooke Bond, kampuni iliyokuwa na mashamba makubwa Kericho, iliwapa wanywaji wa chai nchini Uingereza seti ya kadi 50 za wanyamapori wa Afrika, zilizochorwa na C. F. Tunnicliffe.

Kuanzia 1956, ilipoinunua mshindani wake Bowman, kampuni ya Topps ilitawala biashara ya kadi za besiboli karibu peke yake. Kesi iliyofunguliwa na Fleer ilivunja ukiritimba huo mwaka 1980, na mwaka uliofuata Fleer na Donruss wakaingia sokoni. Ushindani ulipopamba moto, watengenezaji walitafuta njia mpya za kuuza, na njia mojawapo ilikuwa kuchapisha seti ndogo kwa ajili ya duka moja tu. Mnunuzi hakuweza kuipata kwingine.

Seti iliyo maarufu zaidi katika jamii hiyo ni ile ambayo Topps iliitengenezea Kmart mwaka 1982, maduka hayo yalipoadhimisha miaka 20. Ilikuwa na kadi 44 ndani ya kisanduku kimoja. Kadi 41 zilionyesha wachezaji bora wa ligi mbili kuu za besiboli tangu 1962 hadi 1981. Hesabu ya kawaida ingekuwa 40, lakini mwaka 1979 Keith Hernandez na Willie Stargell walilingana kura katika ligi moja na wote wawili wakatuzwa. Tatu zilizosalia zilikumbusha matukio makubwa ya mchezo.

Kila mchezaji alionyeshwa kwa sura ya kadi yake ya mwaka aliotuzwa. Hapo ndipo Topps ilipokumbana na tatizo. Maury Wills wa Los Angeles Dodgers, mchezaji bora wa 1962, hakuwa na kadi ya Topps mwaka huo. Wills alikuwa hodari wa kunyemelea kituo kinachofuata wakati mrushaji angali anajiandaa kurusha mpira; msimu huo alifanya hivyo mara 104, jambo ambalo hakuna aliyelifikia katika karne ya 20 kabla yake. Hata hivyo Topps haikuwa na mkataba naye, na kadi yake ya kwanza ya kampuni hiyo ilitoka 1967, alipokuwa akichezea Pittsburgh Pirates. Kwa hiyo seti ya Kmart ina kadi ya Wills iliyotungwa ifanane kabisa na za 1962, ingawa mwaka huo haikuwapo. Fred Lynn, aliyetuzwa 1975, alikuwa na kadi, ila alibanwa humo pamoja na chipukizi wengine watatu. Kmart ilimpa yake peke yake.

Wakusanyaji wengi huzipenda kadi hizo mbili kuliko zote zilizomo kisandukuni. Ni masahihisho ya daftari, yaliyofika kwa kuchelewa na kupitia mlango wa dukani.

Msomaji aweza kujiuliza kwa nini seti hizi huwa na kadi 44 au 33. Jibu liko kiwandani. Topps ilichapa kadi 132 kwa karatasi moja kubwa, ambayo ilitoa seti tatu za 44 au nne za 33. Ndiyo maana seti ya Woolworth ya 1985 ina 44, na ile ya chipukizi iliyouzwa na Toys "R" Us mwaka 1987, yenye Barry Bonds na Bo Jackson, ina 33.

Kifedha, matarajio yasipite kiasi. Seti ya Kmart ilichapwa kwa wingi uliopindukia, na hadi leo ni miongoni mwa seti za bei rahisi kabisa. Agosti 2022 kadi ya Honus Wagner iliyotoka katika pakiti za sigara za 1909 hadi 1911 iliuzwa kwa dola milioni 7.25, na ya Mickey Mantle ya 1952 kwa dola milioni 12.6. Mantle yumo pia katika kisanduku cha Kmart, kwa thamani ya vijisenti.

Lawama nyingine ni kwamba kisanduku huua uwindaji. Aliyenunua pakiti ya chingamu hakujua angempata nani; alirudiwa na yuleyule mara tatu, akamkosa aliyemtamani, akalazimika kubadilishana na mwenzake. Mwenye kisanduku amemaliza kabla hajaanza. Lakini mtoto mwenye fedha kidogo aliwapata nyota wote kwa siku moja, tena mara nyingine kwa picha zisizopatikana katika toleo la kawaida. Anayezihifadhi leo hutunza na kisanduku chenyewe, na huziepusha na unyevu, kwani zile zenye mng'ao hugandana. Kwa mvua za Kakamega, onyo hilo si dogo.

Maduka yenyewe yametoweka au yamesalia jina. Woolworth ilifunga maduka yake ya Marekani 1997, Toys "R" Us 2018, na duka kubwa la mwisho la Kmart katika bara la Marekani lilifungwa Oktoba 2024. Wakenya walioshuhudia Nakumatt ikianguka hawahitaji kuelezwa. Kadi zimebaki, na majina ya maduka yangali yamechapwa juu yake.

Kabras Sugar ilitwaa Kenya Cup kwa mara ya kwanza 2016, ikaitwaa tena 2022 na 2023. Wachezaji kama Dan Sikuta na Brian Tanga wanajulikana na mashabiki wa raga nchini kote. Waliobeba timu kabla ya hapo hutajwa zaidi midomoni mwa wenyeji. Kikosi cha raga siku ya mechi huwa na watu 23. Kisanduku cha kadi 33, kikiuzwa rafu moja na sukari, kingewatosha hao wote na kubakiza nafasi kumi kwa waliocheza kabla ya kombe la kwanza.