Mzigo wa Shaba na Njia Zake

Sisi tunaokaa kando ya barabara ya Kolwezi kwenda Likasi hatuhitaji kuambiwa uzito wa shaba. Tunausikia usiku, makamyo yakipita na kuta zikitetemeka. Tumekwisha kuzika watu waliogongwa wakienda shamba. Lakini mzigo huu haukupita barabarani siku zote.

Zamani za Msiri, mfalme wa Garenganze aliyeuawa mwaka 1891, shaba na pembe zilikwenda kwa miguu, upande mmoja mpaka Benguela, upande wa pili mpaka pwani ya mashariki. Mpagazi alichukua kilo 30 hivi. Hesabuni wenyewe: tani 30, ambazo leo ni mzigo wa kamyo moja, zilitaka watu elfu moja.

Mwaka 1910 gari la moshi lilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, likitoka kusini. Mwaka 1911 shaba ikaanza kuyeyushwa pale. Lakini kwa njia ile bahari ilikuwa mbali mno. Mskoti Robert Williams alikuwa amepata ruhusa mwaka 1902 kujenga reli toka Lobito, katika Angola. Kazi ilianza 1903, na njia nzima ikafunguliwa 1931. Toka bandarini hadi mpaka wa Kongo ni kilometa 1,344. Upana wa reli ni ule ule wa Katanga. Behewa lililopakiwa kwetu lilifika baharini bila kupakuliwa njiani. Tusidanganyane: reli hiyo haikujengwa kwa ajili yetu. Ilijengwa kwa ajili ya shaba, na wengi walitiwa kazini kwa nguvu. Hata hivyo ilibeba uzito ule pasipo kuvunja barabara ya mtu.

Mwezi wa Agosti 1975 vita ya Angola ikaifunga. Madaraja yakabomolewa. Shaba ikageuzwa kwenda kusini kwa reli ya Zambia. Kisha mashine zetu zikachakaa, na baada ya sheria ya madini ya 2002 migodi ikakua kuliko nguvu ya reli. Ndipo makamyo yakashika njia ya Kasumbalesa, kwenda Durban na Dar es Salaam.

Kwa nini barabara haidumu? Majaribio yaliyofanywa Marekani toka 1958 hata 1960 yalionyesha jambo la ajabu: uzito juu ya ekseli ukizidi mara 2, uharibifu wa barabara huzidi karibu mara 16. Motokari ya daktari haichimbi shimo. Kamyo la shaba ndilo linalochimba, na motokari ya daktari inaanguka humo.

Reli ya Angola ilijengwa upya, ikafunguliwa 2015. Mwishoni mwa 2023 shaba ya Kolwezi ilifika Lobito kwa treni kwa siku 8 hivi. Tulifurahi. Ila toka Kolwezi mpaka Dilolo, upande wetu, kuna zaidi ya kilometa 400 za reli kuukuu, na hapo ndipo kazi iliko. Tunawafikiria pia mama wanaouza chakula pale makamyo yanapongoja mpakani. Biashara yao itapungua. Na watu wa Mutshatsha na Kasaji, ambao treni ya shaba inapita mlangoni pao, tungependa wawekewe nao mabehewa mawili ya kupakia mihogo na mahindi yao.